Akiba inayooza: namna wazee wetu wa Bushi walivyochunga viazi vya Bulaya

Utangulizi

Siku moja darasani, nilipokuwa naeleza juu ya uchumi wa jamii za zamani, nilitaja methali ambayo wote tunaijua: akiba haiozi. Binti mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, akiba ya biazi inaozaka." Darasa lote likacheka, na mimi nikacheka pamoja nao. Lakini jioni, nikirudi nyumbani kwa mguu, neno lile halikunitoka kichwani. Mtoto yule alisema kweli. Maharagi yakikauka vizuri hayaozi. Mtama hauozi. Lakini kiazi cha Bulaya ni maji karibu sehemu nne kwa tano, tena ni kitu kilicho hai: kinapumua, kinatoa jasho, kinalala usingizi, kisha kinaamka na kuota hata kama hakuna mtu aliyekipanda. Namna gani basi mama zetu, na mama zao, walikichunga toka msimu mmoja mpaka msimu mwingine?

Naandika "viazi vya Bulaya" kusudi tusichanganye. Kwetu ukisema "viazi" tu, mtu anaweza kufikiri viazi vitamu, na ku soko wengi wanasema "pomme de terre" kama kwa Kifaransa. Hapa ninazungumzia kile kiazi cha mviringo, cha ngozi nyekundu ao nyeupe, kinacholimwa kwenye vilima vya Miti, Tshibinda na Mulungu, na ambacho magunia yake yanateremka kila asubuhi kwenda masoko ya Mudaka na Bukavu.

Jambo ninalotaka kuonyesha ni moja. Katika Bushi, kuchunga viazi vya Bulaya hakukuwa hasa kuchunga chakula. Kulikuwa kuchunga mbegu. Chakula kililiwa ao kiliuzwa kikaisha; mbegu ndiyo iliyopewa nafasi ndani ya nyumba. Na kila mara mbegu ilipotoka mikononi mwa familia, familia hiyo iligeuka kuwa mteja wa mtu mwingine.

1. Mbele ya kiazi cha Bulaya: moshi na udongo

Wazee wetu walikuwa na njia mbili kubwa za kuweka akiba, na ni vizuri tuzikumbuke, kwa sababu kiazi cha Bulaya kilipofika kilizikuta na hakikuingia vizuri katika hata moja.

Njia ya kwanza ilikuwa kukausha. Mtama, ulezi na maharagi, na baadaye mahindi, vilikaushwa juani halafu vikawekwa ndani ya vikapu, ao juu ya dari, pale moshi wa jiko unapopita. Moshi uliwafukuza wadudu na joto la moto liliondoa unyevu. Maharagi ya mbegu yalichanganywa na majivu, ao na majani makavu ya muravumba, mmea ule wenye harufu kali ambao bado tunautumia kwa dawa. Chakula kilichokauka namna hiyo kingeweza kungoja mwaka mzima.

Njia ya pili ilikuwa kuacha chakula ndani ya udongo. Mama hakung'oa viazi vitamu vyote siku moja. Alichimba vya kutosha sufuria ya siku ile na kufunika vilivyobaki. Mihogo ilingoja ardhini mwaka mzima na zaidi. Majimbi pia. Kwa chakula cha namna hiyo shamba lenyewe ndilo lilikuwa ghala, bila mlango, bila kufuli, na bila kazi ya kubeba.

Wenzetu wa sehemu nyingine za Afrika ya Mashariki walipata njia ya tatu kwa viazi vitamu. Watu wa Teso, kule Uganda, huvikata vipande vyembamba na kuvianika mpaka vikauke, na hiyo huitwa amukeke. Vikipondwapondwa kisha kukaushwa huitwa inginyo. Kule jua ni kali na kiangazi ni kirefu. Sisi wa Miti tunaishi karibu mita 1,700 juu ya bahari, mlimani chini ya Kahuzi. Mvua yetu inaanza mwezi wa tisa na haituachi mpaka mwezi wa tano. Kuanika ni kazi ya miezi ile mitatu ya kiangazi tu, na hata hapo ukungu wa asubuhi haukosi.

2. Kiazi kinafika, baridi inabaki Bulaya

Jina linatudanganya kidogo. Kiazi hiki si cha Bulaya kwa asili. Kilianza kulimwa maelfu ya miaka iliyopita katika milima ya Andes, Amerika ya Kusini, upande wa ziwa Titicaca. Watu wa kule walipata dawa ya kuoza. Katika majira ya baridi kali walivimwaga viazi chini usiku vigande, mchana wakavikanyaga kwa miguu kutoa maji, wakavianika tena siku nyingi. Kinachobaki ni kitu chepesi na kigumu kama jiwe, kinachoitwa chuño, na kinaweza kukaa miaka. Wahispania walivuka na kiazi mpaka Bulaya katika karne ya 16, lakini ile namna ya kukichunga hawakuihitaji: Bulaya kuna majira ya baridi. Mkulima wa Ubelgiji alivuna mbele ya baridi, akaweka viazi katika chumba cha chini ya nyumba, ao akavirundika shambani juu ya majani makavu na kuvifunika kwa udongo. Baridi ya miezi ile ilivilaza usingizi mpaka msimu wa kupanda.

Hata hivyo kule pia akiba ilioza. Mwaka 1845 ugonjwa tunaouita mildiu uliingia Ireland, ambapo maskini walikuwa wanaishi kwa kiazi karibu peke yake, tena kwa mbegu ya aina moja kubwa. Viazi vilivyoonekana vizuri siku ya kuvuna viligeuka uji mweusi ndani ya mashimo ya akiba. Mpaka mwaka 1852 watu karibu milioni moja walikuwa wamekufa, na wengine zaidi ya milioni moja walikuwa wamehama nchi. Nawaeleza wanafunzi wangu habari hiyo kila mwaka, si kwa kuwatisha, bali waone kwamba njaa haiji tu kwa kukosa mvua. Inakuja pia kwa kutegemea kitu kimoja na mbegu moja.

Huku kwetu kiazi kilifika na wamisionari na maafisa wa kikoloni, mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Kwanza kilikuwa chakula cha Wazungu: cha misioni, cha posti za serikali, kisha cha wakoloni wenye mashamba makubwa. Nyuma ya mwaka 1928, Comité National du Kivu ilipoundwa na kuanza kugawa ardhi kwa wakoloni, vilima vyetu vilijaa kahawa, chai na kwinini. Mji wa Costermansville, ndio Bukavu ya leo, ukakua, na mji ulihitaji mboga na viazi. Basi watu wetu walianza kulima kitu ambacho kwanza walikiuza kuliko kukila.

Lakini waliokileta kiazi hawakuweza kuleta baridi ya kwao. Miti tunasema kuna baridi, na mgeni kutoka Uvira atatetemeka usiku, lakini wastani wa joto letu ni kati ya digrii 18 na 20. Kwa kiazi hiyo ni hali ya kuamka, si ya kulala. Ukikirundika chini ya udongo kama Mbelgiji, katika mvua yetu, utakuta kimeoza ao kimeota. Kukiacha shambani kama kiazi kitamu vilevile haiwezekani kwa muda mrefu: mvua inakiozesha, panya na wadudu wanakitoboa. Na moshi wa dari, ambao unakausha mtama, unakikunja ngozi kama mzee. Kilihitaji desturi mpya.

3. Desturi mpya: chungu mbili za mama

Hakuna mtu aliyeandika desturi hiyo. Ilitengenezwa na wanawake, kidogo kidogo, kwa kupoteza na kujaribu tena. Naieleza kama nilivyoiona kwa mama yangu mzazi, na wazee wengi niliowauliza wananiambia kwamba kwao ilikuwa vilevile.

Kwanza mama hakuvuna wakati majani bado mabichi. Alikata mashina akaacha viazi chini karibu majuma mawili, ngozi ikomae. Alikuwa anajaribu kwa kidole gumba: ngozi ikitoka, aliondoka shambani bila kuchimba. Alichagua siku isiyo na mvua. Viazi havikuoshwa hata siku moja. Vilitandazwa chini ya kipenu, udongo ukakauka wenyewe na kudondoka.

Halafu zikaja chungu mbili. Chungu ya kwanza ilikuwa ya kula na kuuza: vikubwa, pamoja na vile vilivyokatwa na jembe, ambavyo viliingia sufuria usiku uleule. Hiyo ilikaa gizani, pembeni ya nyumba, juu ya majani makavu, na haikutazamiwa kupita miezi miwili ao mitatu. Chungu ya pili ilikuwa ya mbegu: viazi vya ukubwa wa yai la kuku, vizima, kutoka mashina yaliyokuwa na nguvu. Mama alikuwa amefunga vijani kwenye vijiti karibu na mashina hayo toka wakati wa maua. Sisi watoto tulikatazwa kugusa chungu ya pili. Hata wageni walipofika na sufuria ikawa ndogo, alikwenda kukopa kwa jirani kuliko kutoa kule.

Juu ya nini ukali huo? Hesabu inaeleza. Hekta moja inahitaji karibu tani 2 za mbegu. Tuchukue shamba la mita 20 kwa 50: hiyo ni kilo 200. Kama shamba hilo linatoa kilo 800, basi robo ya mavuno si chakula, ni deni la msimu unaokuja. Kwa maharagi mbegu ni kikapu kidogo tu. Kwa viazi ni magunia. Hakuna mmea mwingine wa msimu kwetu unaodai sehemu kubwa namna hiyo irudi ardhini.

Kalenda nayo iliongeza ugumu. Viazi vinakomaa kwa miezi mitatu ao minne. Vilivyopandwa mwezi wa tisa vinavunwa mwezi wa kumi na mbili ao wa kwanza, na mbegu inatakiwa tena mwezi wa pili ao wa tatu. Hapo muda ni mfupi, na kiazi kinalala kuliko tunavyotaka. Mavuno ya mwezi wa sita, kinyume, yanapaswa kungoja kiangazi chote mpaka mvua ya mwezi wa tisa. Hapo kiazi kinaamka mbele ya wakati, kinatoa machipukizi marefu meupe, kinachoka. Wenye sehemu bondeni, penye maji, walikuwa na ujanja mzuri: walipanda kidogo kule mwanzoni mwa kiangazi, kusudi wapate mbegu mpya mvua ikirudi. Kupanda kwenyewe kulikuwa namna ya kuchunga.

Kuna jambo lingine ambalo mwalimu wa historia hawezi kulipita. Katika Bushi, aliyepata ardhi kwa kalinzi, yaani kwa kumtolea Mwami ao mkubwa wa mahali ng'ombe na heshima, alikuwa na haki ya kudumu. Huyo alipanda migomba. Aliyelima kwa bwasa alikopa ardhi kwa msimu tu, na hakuruhusiwa kupanda kitu cha kudumu. Maskini huyo, na mara nyingi mwanamke mjane, alipanda vitu vya msimu: maharagi, viazi. Kwake yeye mali haikuwa shamba, kwa sababu shamba lilikuwa la mwingine. Mali yake ilikuwa ile chungu ya mbegu pembeni ya nyumba. Mwenye mbegu aliweza kuomba ardhi kokote. Asiye na mbegu, hata akipewa ardhi, angeifanyia nini?

4. Mulungu na elimu ya mwangaza

Sisi wa Miti tuna bahati ya kuishi karibu na kituo cha Mulungu. Wabelgiji waliunda INEAC mwaka 1933 kwa utafiti wa kilimo, na Mulungu ikawa kituo chake kikubwa cha milima, hasa kwa kahawa arabika, chai na kwinini. Tangu mwaka 1970 taasisi hiyo inaitwa INERA. Kiazi cha wakulima wadogo hakikuwa mtoto mpendwa pale mwanzoni. Lakini mwaka 1982 Burundi, Rwanda na Zaire ziliungana katika programu ya pamoja ya viazi, iliyoitwa PRAPAC, pamoja na Kituo cha Kimataifa cha Viazi chenye makao Lima, nchini Peru, kilichoanzishwa mwaka 1971. Ndipo aina mpya za mbegu zikaanza kuzunguka milimani, kama Cruza 148, ambayo inavumilia mildiu na hata ule mnyauko wa bakteria unaoangusha shina zima kwa siku chache.

Pamoja na mbegu ilikuja elimu ya mwangaza. Wataalamu wa Lima walionyesha kwamba kiazi cha mbegu hakitakiwi kuwekwa gizani. Kikiwekwa fasi yenye mwangaza usio wa jua moja kwa moja, na hewa inayopita, kinageuka kijani, na machipukizi yake yanabaki mafupi, manene, yenye nguvu. Namna hiyo kinaweza kungoja miezi mitano ao zaidi, bila mashine na bila barafu. Mbao chache, vijiti, matete, kipaa cha majani: basi. Robert Rhoades na Robert Booth, watafiti wa kituo hicho, waliandika mwaka 1982 kwamba utafiti wa kilimo unapaswa kuanza kwa mkulima na kurudi kwa mkulima, wakitoa mfano wa kazi hiyo ya kuchunga viazi. Nalipenda neno hilo kwa sababu nimeona ukweli wake. Wamama wengine wa milima yetu walikuwa tayari wanaweka mbegu yao chini ya kipenu, nje ya giza, bila kungoja monita wa kilimo. Hawakujua jina la jambo, lakini walijua kwamba kiazi cha kijani "kinashika haraka".

Hapa naomba msomaji asikosee. Kiazi cha kijani ni cha kupanda tu. Mwangaza unaofanya kijani unaongeza pia sumu, inayoitwa solanini. Si ya mchezo, inaumiza tumbo na kichwa, na moto wa jiko hauimalizi. Ya kula gizani, ya kupanda mwangazani: ndiyo sheria yenyewe. Zile chungu mbili za mama zilikuwa na maana kuliko alivyofundishwa na mtu yeyote.

5. Wakati nyumba haikuwa tena ghala

Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walijaa Kivu. Kwetu kambi zilijengwa Kashusha, Adi-Kivu na mahali palipoitwa tu INERA, kwa jina la kituo cha utafiti. Miti na mashamba vilikatwa kwa kuni. Bei ya chakula ilipanda, na waliokuwa na viazi waliuza mpaka mbegu, kwa sababu pesa ilionekana haraka. Mwisho wa mwezi wa kumi 1996 vita ikafika. Bukavu ikaanguka, kambi zikavunjwa, na watu wakakimbilia kwenye pori la Kahuzi-Biega.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Tulikimbia siku chache upande wa ziwa. Mama alibeba mtoto mgongoni, sufuria kichwani, na ndani ya sufuria aliweka viazi vya mbegu labda ishirini. Baba alimkemea: kwa nini kubeba mzigo wa kitu kisichoweza kupikwa njiani, mahali pa nguo? Mama hakujibu. Tuliporudi, nyumba ilikuwa wazi na chungu zote mbili zilikuwa zimeisha. Sijui nani alizikula. Siku zile kila mtu mwenye njaa alipita.

Kilichobaki ni vile viazi ishirini, na vingine ambavyo jembe lilivisahau shambani, vikajiotea vyenyewe. Familia nyingi zilianza upya kwa viazi hivyo vilivyosahauliwa. Lakini mbegu ya kuokota inabeba ugonjwa wa udongo wake. Misimu miwili ao mitatu baadaye mnyauko ulikuwa kila mahali, na watu wakasema ardhi imechoka. Ardhi ilichoka kweli, lakini na mbegu pia ilikuwa mgonjwa.

Vita ya pili ilianza mwezi wa nane 1998. Mwaka 2004 Bukavu ilitekwa tena kwa siku chache, na katikati ya hapo kulikuwa na miaka ya watu wenye silaha kutembea usiku. Nadhani miaka hiyo iliharibu desturi kuliko magonjwa yote. Kuweka magunia ndani ya nyumba kuligeuka kuwa kuita mwizi. Watu walijifunza kuvuna na kuuza siku hiyohiyo, hata kwa bei ya hasara, kwa sababu franka zinafichika na viazi havifichiki. Waliopanda mihogo wakaiacha ardhini, kama wazee wa kale. Mwenye viazi aliuza vyote, kisha msimu ukifika akanunua mbegu kwa mfanyabiashara. Mtoto aliyezaliwa wakati huo alikua bila kuona chungu ya pili. Ndiyo maana leo vijana wengi wanafikiri mbegu ni kitu kinachotoka ku soko.

Mwezi wa pili 2025 waasi wa M23 walikamata uwanja wa ndege wa Kavumu, kilomita chache tu kutoka kwetu, kisha Bukavu. Nikaona tena majirani wanachimba viazi ambavyo havijakomaa, ngozi inatoka kwa kidole. Sikuweza kuwalaumu.

6. Kosa langu mwenyewe

Nisije nikaonekana kama mtu anayejua yote. Miaka kadhaa iliyopita, mshahara ukiwa umechelewa, nilikodi kipande cha shamba na nikapata magunia matatu mazuri ya mbegu. Mimi msomi, mwenye diploma yangu ya ISP, nikayafunga vizuri yale magunia ya nailoni, nikayapanga moja juu ya lingine kwenye sima, ndani ya chumba changu cha vitabu, na kufunga dirisha juu ya wezi. Nyuma ya majuma matatu harufu ilifika mpaka sebuleni. Gunia la chini lilikuwa maji. La katikati lilikuwa na machipukizi marefu kama tambi. La juu lilikuwa limetobolewa na viwavi vya nondo wa viazi.

Mke wangu alisimama mlangoni akanitazama. "We mwalimu," akasema, "unafundisha batoto ya batu, na mu nyumba yako biazi binakufa juu ya kukosa pumuzi!" Hakusema zaidi. Alitoa vyote nje, akatenga vizima, akavitandaza juu ya kichanja cha vijiti chini ya kipenu, na juu yake akaweka majani makavu ya mikaratusi kufukuza nondo. Tuliokoa labda theluthi moja. Mbegu iliyokosekana niliinunua kwa bei karibu mara mbili ya ile niliyolipa kwanza. Hasara hiyo ilinifundisha kuliko vitabu, na ndiyo iliyonituma kuuliza wazee na hatimaye kuandika kurasa hizi.

7. Mambo ya kurudisha

Msomaji anaweza kuuliza: historia yote hii inatusaidia nini? Naweka hapa mambo ambayo desturi ya mama zetu na elimu ya watafiti zinakubaliana juu yake.

Moja: chagua mbegu shambani, si nyumbani. Weka alama kwa mashina mazima wakati wa maua, na ng'oa mgonjwa pamoja na udongo wake. Ukichagua ndani ya chungu, mara nyingi utachukua vidogo vilivyotoka kwa mashina dhaifu.

Mbili: kata mashina majuma mawili mbele ya kuvuna, vuna siku kavu, usioshe, usitupe viazi kwa nguvu. Kila jeraha ni mlango wa kuoza.

Tatu: cha kula kiwe gizani, penye hewa, juu ya mbao ao majani makavu, si juu ya sima. Usirundike sana. Kila juma pitisha mkono, toa kilichooza mbele hakijaambukiza jirani.

Ine: cha mbegu kiwe mwangazani, chini ya kipaa, juu ya kichanja chenye safu mbili ao tatu tu za viazi. Jua lisikipige, mvua isikifikie, kuku wasikifikie.

Tano: usiweke mbegu yote fasi moja. Wazee waliwapa majirani na mashemeji kidogo kidogo, na msimu wa shida ukifika walikwenda kuomba. Wengine wanaona hiyo ni zawadi tu. Nyuma ya mambo tuliyoyaona toka 1996, mimi naona ilikuwa pia namna ya kuchunga: mwizi ao askari anaweza kumaliza nyumba moja, lakini si rahisi amalize nyumba kumi zilizotawanyika mlimani.

Mwisho

Mama yangu amezeeka na halimi tena. Nilipomwuliza juu ya vile viazi ishirini vya mwaka 1996, na kwa nini hakumjibu baba siku ile, alishangaa kwamba bado nakumbuka. Akaniambia kwamba vilitoka kwa mbegu aliyopewa na mama yake alipoolewa, ndani ya kikapu kidogo, na kwamba kwa msimu wa kwanza nyuma ya kukimbia vilitoa kikapu kimoja tu. Hakukula hata kimoja. Msimu wa pili vilitoa magunia mawili, na hapo ndipo tulikula.

Mwaka uliofuata nilirudia somo lilelile, na wanafunzi wapya, na methali ileile. Safari hii niliwaomba kila mmoja aende nyumbani aulize mama ao bibi: mbegu yetu ya viazi inatoka wapi, na nani anaichunga? Katika darasa la wanafunzi arobaini na kitu, waliorudi na jibu la "ya kwetu wenyewe" walikuwa sita. Wengine wote waliandika: ku soko. Nawaomba wanachama wa chama chetu na wasomaji wote waulize swali hilo kwao, mbele ya mvua ya mwezi wa tisa, wakati chungu bado ipo ya kugawanya kwa mbili.